Kuta Ndani ya Programu: Jinsi Mitambo ya Simu Ilivyojifunza Kubadilika Bila Kusimama

Simu haina saa ya kufunga. Kiwanda husimamisha mashine zake siku ya mapumziko, benki za zamani zilifunga milango alasiri, hata meli hutia nanga ikakarabatiwa. Lakini usiku wa manane yupo anayemwita mkunga na yupo anayeita zimamoto, na kwao mtambo wa simu uliozimwa kwa matengenezo hauna tofauti na mtambo ulioungua. Ndiyo maana kompyuta zilipoingia katika kazi ya kuunganisha simu miaka ya 1960, wahandisi wa simu walikutana mapema kuliko wenzao na swali ambalo leo linamkabili kila anayeunda mfumo wa malipo, wa hospitali au wa mawasiliano: programu ibadilishwe vipi wakati watu wanaitumia? Wengi hudhani jibu lake ni zana, yaani amri ya kupakia msimbo mpya bila kuzima kompyuta. Historia ya mitambo ya simu inasema vingine. Zana hiyo ndiyo sehemu ndogo na nyepesi ya kazi. Mfumo hubadilika ukiwa kazini pale ulipogawanywa tangu awali katika sehemu zinazoweza kuharibika moja moja bila kuangushana. Aliyeshindwa kuzuia hitilafu isienee atashindwa pia kuzuia badiliko lisivuruge, kwa kuwa vyote viwili hupita njia moja.

Mgawanyo wa namna hiyo ulikuwapo kabla ya programu, tena bila mtu kuupanga. Almon Strowger, aliyekuwa akifanya biashara ya mazishi mjini Kansas City, alipata hataza ya swichi ya simu inayojiendesha mwaka 1891, na mwaka uliofuata mtambo wa kwanza wa aina hiyo ukafunguliwa La Porte, katika jimbo la Indiana. Ndani ya mitambo hiyo, kila tarakimu aliyoituma mpigaji ilisogeza mkono wa chuma hatua kwa hatua mpaka laini mbili zikakutana. Kila simu ilishika swichi zake. Swichi moja ikikwama ilipotea simu moja, na fundi aliweza kuitoa, kuisafisha na kuirudisha huku watu wengine wakiendelea kuzungumza kupitia swichi zilizokuwa pembeni yake. Wateja wakiongezeka, iliongezwa rafu nyingine ya swichi. Udhaifu ulikuwa upande wa pili. Ujuzi wote wa mtambo ulifungwa katika nyaya na vyuma, hivyo kubadilisha swichi moja kulikuwa rahisi, ila kubadilisha tabia ya mtambo mzima, kwa mfano kumwezesha mteja ahamishie simu zake kwenye namba nyingine, kulidai kazi ya nyaya rafu baada ya rafu.

Kompyuta ziliahidi kuuondoa udhaifu huo. Mei 1965, kampuni za Bell nchini Marekani zilifungua huko Succasunna, New Jersey, mtambo ulioitwa 1ESS, ambao maamuzi yake yalitoka katika programu iliyohifadhiwa ndani yake. Huduma mpya sasa ilihitaji mwandishi wa programu badala ya fundi wa nyaya. Lengo lililowekwa lilikuwa kali: mtambo usisimame kwa zaidi ya saa 2 katika miaka 40. Ili kulifikia, waliosanifu walitia kompyuta mbili zilizofanya kazi ileile kwa pamoja na kulinganisha majibu, ili moja ikifa nyingine iendelee. Programu yenyewe ilikaa katika kadi za alumini zenye visumaku vidogo, ambazo kompyuta iliweza kuzisoma tu. Aliyetaka kuibadilisha alizitoa kadi hizo na kuziandika upya kwa mashine maalumu. Tahadhari zote hizo ziliulinda mtambo dhidi ya kifaa kinachokufa. Hazikuulinda dhidi ya kosa la mwandishi, kwa sababu kompyuta mbili zinazofuata programu moja hukosea pamoja. Hapa kuna kitu cha thamani kilichopotea. Katika mtambo wa Strowger hitilafu ilikuwa na mipaka kwa maumbile yake. Katika programu moja kubwa inayotumia kumbukumbu moja, kosa la mstari mmoja linaweza kufika popote, na badiliko la mstari mmoja vilevile.

Waswidi waliionja shida hiyo na wakaitafutia dawa. Ericsson ilifungua mtambo wake wa AKE 12 mjini Tumba mwaka 1968, na kadiri programu za ukoo huo zilivyokua, ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kurekebisha sehemu moja bila kuharibu nyingine. Mwaka 1970 Ericsson na Televerket, shirika la simu la serikali ya Uswidi, waliunda kampuni ya pamoja iliyoitwa Ellemtel. Humo ndimo ulimotoka mtambo wa AXE, ulioanza kazi Södertälje mwaka 1976. Göran Hemdahl, aliyebuni muundo wake pamoja na lugha yake ya programu, PLEX, aliigawa programu katika vitalu, na kila kitalu kikamiliki data yake peke yake. Hakuna kitalu kilichoruhusiwa kunyoosha mkono kwenye data ya jirani. Kikihitaji jambo kilituma ishara ambayo umbo lake lilikubaliwa mapema, na jirani akaishughulikia ndani kwa ndani kwa namna aionayo inafaa. Kwa hatua hiyo Hemdahl alizirudisha, safari hii kwa kukusudia, kuta ambazo chuma kilimpa Strowger bure. Namna kitalu kinavyofanya kazi ndani yake iliweza kubadilika kesho, mradi ishara zinazoingia na kutoka zibaki zilivyokubaliwa.

Faida ya kuta hizo ilionekana siku ya kuingiza toleo jipya. AXE nayo ilikuwa na jozi ya kompyuta, lakini jozi hiyo ilipewa kazi ya ziada. Fundi alizitenganisha pande mbili: upande mmoja ukaendelea kuhudumia simu, wa pili ukapakiwa programu mpya, kisha data iliyo hai ikahamishwa kutoka toleo la zamani kwenda jipya, na mwisho kazi ikakabidhiwa upande huo. Ukionyesha kasoro, kazi iliweza kurudishwa kwenye toleo la zamani. Katika hatua zote hizo, kuhamisha data ndiyo kazi yenyewe. Msimbo mpya hauna historia, data inayo. Nani amehamishia simu zake wapi, nani anadaiwa kiasi gani, laini ipi imefungwa: yote hayo yaliwekwa na toleo la zamani kwa umbo lake, na toleo jipya halina budi kuyarithi na kuyaelewa. Kwa kuwa kila data ilikuwa na mwenyewe anayejulikana, urithi huo uliweza kupangwa kitalu kwa kitalu. Pale ambapo data ni ya wote, hakuna anayeweza kusema kwa uhakika nini kirithiwe na nani, na badiliko hugeuka bahati nasibu.

Miaka ya 1980, maabara ya sayansi ya kompyuta ya Ericsson iliyoongozwa na Bjarne Däcker ilianza kutafuta njia bora zaidi ya kuandika programu za simu. Joe Armstrong, Robert Virding na Mike Williams walishiriki katika majaribio ya lugha mbalimbali, na kuanzia 1986 ikaanza kuumbika lugha yao wenyewe, Erlang, yenye jina la Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmaki aliyeweka msingi wa hesabu za msongamano wa simu. Toleo la mwanzo liliendeshwa kwa Prolog na lilikuwa polepole mno kwa bidhaa ya sokoni, hata ikabidi Williams aandike injini mpya kwa lugha ya C. Wazo la msingi lilibaki. Kila simu iliyo hai ipewe mchakato wake mdogo, wenye kumbukumbu yake, usiogusana na mwingine ila kwa kutumiana ujumbe. Mchakato ukipatwa na kosa usihangaike kujiponya. Ufe, na mwingine uliopewa ulinzi wake uuanzishe upya. Armstrong aliijenga hoja hiyo kwa kirefu katika tasnifu yake ya udaktari aliyoitoa Stockholm mwaka 2003: programu kubwa haikosi makosa, kwa hiyo mfumo wa kutegemewa ni ule ambao kila kosa ndani yake lina mahali linapoishia.

Ukishafika hapo, uwezo wa kubadilika unakuja karibu bila nyongeza. Mchakato wa Erlang hupokea ujumbe, huushughulikia, kisha huanza mzunguko mwingine ukiwa umebeba hali yake yote. Kati ya ujumbe mmoja na unaofuata, basi, kuna kituo ambapo hakuna kazi iliyokatika nusu, na hapo ndipo mchakato unapoweza kuhamia msimbo mpya. Erlang hushika matoleo mawili ya kila moduli kwa wakati mmoja. Michakato iliyoanza na la zamani huendelea nalo hadi itakapoiita moduli kwa jina lake kamili, ndipo inapoingia katika jipya. Umbo la data likibadilika, mwandishi huandika kipande maalumu cha programu kinachopokea hali ya zamani na kutoa hali mpya. Na toleo la tatu likipakiwa, mchakato uliobaki kwenye la kwanza huuawa. Kanuni hiyo ya mwisho inaonekana katili, lakini ndiyo inayofichua undani wa jambo: Erlang inathubutu kuua mchakato uliochelewa kwa sababu ilikwisha kujiandaa kwa vifo vya michakato. Maandalizi yaliyofanywa kwa ajili ya ajali ndiyo hayohayo yanayotumika kwa ajili ya mabadiliko.

Njia ya lugha hiyo kutoka maabara hadi sokoni haikunyooka. Mwishoni mwa 1995, AXE-N, mradi mkubwa wa Ellemtel uliokusudiwa kuirithi AXE, ulivunjika, na katika pengo hilo Erlang ikapata nafasi. Mwaka 1998 ikatangazwa AXD 301, swichi yenye zaidi ya mistari milioni moja ya Erlang. Mwaka huohuo kitengo cha redio cha Ericsson kiliipiga marufuku lugha hiyo katika bidhaa mpya, na Desemba ikatolewa kuwa chanzo huria. Marufuku iliyoweza kuizika ikaisambaza. WhatsApp, inayotumika kuanzia Mombasa hadi Lubumbashi na hadi Muscat, iliandika seva zake kwa Erlang, na kupakia msimbo mpya kwenye seva zilizo hai kulikuwa sehemu ya kazi ya kawaida ya wahandisi wake. Facebook ilipotangaza kuinunua Februari 2014, ilikuwa na watumiaji wapatao milioni 450 kwa mwezi na wahandisi wapatao 32. Limesambaa pia dai kwamba AXD 301 ilipatikana kwa asilimia 99.9999999 ya muda. Takwimu hiyo ilitokana na uangalizi wa mitambo michache kwa kipindi maalumu, na haifai kubebeshwa hoja nzito. Hoja ya kuta haiihitaji. Inasimama juu ya namna mifumo hii inavyofanya kazi.

Pingamizi la kwanza ni zito, nalo linatoka katika simu zenyewe. Tarehe 15 Januari 1990, mtambo mmoja wa AT&T jijini New York ulipata hitilafu ndogo, ukajiwasha upya kama ulivyopangiwa, ukawaarifu majirani kwamba umerudi. Programu iliyokuwa imeingizwa mwezi uliotangulia ilikuwa na amri moja ya lugha ya C iliyokaa pasipo pake. Ujumbe wa pili ukifika upesi baada ya wa kwanza, data ya jirani iliharibika, naye akajiwasha upya, kisha akaarifu majirani zake kwa zamu. Kwa muda wa saa 9, mitambo 114 iliangushana, na mamilioni ya simu za masafa marefu hazikuunganishwa. Je, hapa si utengano wenyewe ulioshindwa? Mitambo hiyo ilitenganishwa na mamia ya kilomita, na kila mmoja ulijua kujiponya. Lakini umbali wa mahali haujengi ukuta. Mitambo yote ilibeba kosa lilelile jipya, na kila mmoja uliruhusu ujumbe wa jirani ufike hadi kwenye data yake na kuiharibu. Ukuta ulikosekana mahali pawili: mlangoni, ambapo kinachopokelewa hakikutakiwa kuweza kumwangusha mpokeaji, na katika wakati, kwa kuwa toleo jipya lilikwisha kuenea kote kabla kosa lake halijajitokeza. Ajali ile inatufundisha kuipanua maana ya utengano, si kuiacha.

Pingamizi la pili linasema kwamba historia ya karibuni imeonyesha tunaweza kubadilisha programu hai ambazo hazikusanifiwa hivyo. Jeff Arnold alipokuwa MIT alibuni Ksplice, njia ya kutia viraka vya usalama kwenye kiini cha Linux bila kuwasha kompyuta upya, na Oracle ikainunua kampuni iliyotokana nayo mwaka 2011. Katika utafiti uliochapishwa 2009, viraka 64 vya usalama vilivyotolewa kati ya Mei 2005 na Mei 2008 vilijaribiwa, na 56 viliingia bila mtu kuandika msimbo wa ziada. Ushahidi huo ni wa kweli na wa kuheshimiwa. Lakini tazama vile 8 vilivyosalia: vilihitaji mwanadamu aandike msimbo wa ziada, hasa kwa sababu viligusa maana au umbo la data iliyokwisha kuwamo kwenye kumbukumbu. Kiraka cha usalama kwa kawaida huwa kidogo na huacha data ilivyo, ndiyo maana njia hiyo ilifaulu kwa kiasi kile. Huduma mpya haiwi hivyo. Huja na data mpya. Kwa hiyo Ksplice imeonyesha mpaka palepale Waswidi walipouona: msimbo hubadilishwa kwa ufundi wa mashine, urithi wa data hudai fikra za aliyesanifu.

Wapo pia wanaosema kwamba suala zima limepitwa na wakati. Leo huduma moja huendeshwa na seva nyingi. Toa moja kwenye zamu, itie toleo jipya, irudishe, kisha endelea na inayofuata. Hata timu nyingi zinazotumia Erlang huona ni afadhali kuwasha seva upya kuliko kuandika hatua za kuhama moja kwa moja. Hilo ni kweli, na mara nyingi ni uamuzi wa busara. Ila tuone kilichofanyika: ukuta wa Hemdahl umetolewa ndani ya programu ukajengwa kuizunguka seva, na data imehamishiwa kwenye hifadhidata. Huko ndiko swali linakosubiri. Zoezi likiwa katikati, seva za toleo la zamani na za toleo jipya husoma na kuandika majedwali yaleyale, hivyo kila badiliko la jedwali lazima lieleweke na pande zote mbili kwa muda. Hii ni kanuni ya matoleo mawili, imevaa nguo nyingine. Aliyefikiri ameikwepa huikuta siku seva ya zamani inapoandika rekodi ambayo mpya haiwezi kuisoma.

Linabaki pingamizi la gharama: kwa nini tusifunge usiku tukamaliza? Kwa mifumo mingi jibu ni kwamba tufunge. Programu ya mishahara ya ofisi haimwumizi mtu ikilala saa mbili, na kuijengea kuta za mtambo wa simu ni ubadhirifu. Lakini idadi ya mifumo inayofanana na simu imekua kwa kasi, na kwetu imekua kupitia simu zenyewe. Tangu M-Pesa ianze Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, pesa ya mamilioni ya watu inakaa ndani ya programu. Tangazo kwamba huduma ya pesa haitapatikana kuanzia saa sita usiku hadi alfajiri linamkuta mgonjwa anayetakiwa kulipa kabla ya kupokelewa, dereva anayetafuta mafuta njiani, na mchuuzi anayewahi mnada wa samaki kabla ya jua kuchomoza. Gharama ya kufunga haijatoweka. Imehamishwa kutoka kwenye vitabu vya kampuni ikawekwa juu ya watu hawa, ambao hawaonekani katika hesabu za mradi. Msanifu mwaminifu anapaswa kuihesabu, kisha ndipo aamue.

Ndiyo maana mafunzo ya mitambo ya simu yanawahusu wanaounda mifumo yetu sasa, katika mabenki, mahospitali na ofisi za serikali zinazohamishia huduma mtandaoni. Mikutano mingi ya kuanzisha mradi huuliza mfumo utafanya nini. Södertälje na Stockholm waliuliza zaidi: data hii ni ya sehemu ipi? Sehemu hii ikifa, nani mwingine atakufa nayo? Toleo la leo na la kesho yataweza kufanya kazi pamoja kwa saa chache, na tukikosea tutarudi vipi? Maswali haya hayadai lugha ya Erlang wala mitambo ya bei kubwa. Yanadai uamuzi ufanywe mapema, wakati kubadilisha mawazo bado ni rahisi. Mfumo uliojibu maswali haya siku ya kwanza utapata zana ya kuupakia msimbo mpya bila shida, kwa kuwa zana ni nyingi na nyingine ni za bure. Mfumo ambao haukuyajibu utaendelea kuomba radhi kwa wateja kila unapokua, na hakuna zana itakayonunuliwa baadaye itakayouamulia data ni ya nani.